Blenda Isiyofunguka

Kaka yake Bisibisi alitoka kwenye chumba cha majaribio cha kampuni ameshika kidole kinachovuja damu, akasema lile dude halina pa kuanzia.

"Halina skrubu hata moja. Ni kama yai," alimwambia. "Bisibisi, usipoliweza wewe, tukafunge virago tu."

Bisibisi ndilo jina alilobandikwa na wateja. Yeye na kaka yake walikuwa na kibanda cha kutengeneza vyombo vya umeme, walichoachiwa na baba yao. Walishika pasi, redio na feni, lakini kibanda kiliishi kwa blenda, maana wauza juisi wote wa mjini walipeleka zao pale. Na blenda ugonjwa wake ni uleule: vile vipande viwili vya kaboni ndani ya mota huchakaa. Ukitia vipya, inanguruma upya, mteja anaondoka anacheka.

Siku hizi wateja walikuwa hawacheki. Kampuni zilianza kuzibandika blenda kwa gundi, na kila aliyeleta yake aliambiwa haifunguki bila kupasuka, akaenda kuitupa jalalani. Rafu zilibaki tupu. Kaka mtu alishaanza kuulizia kazi ya ulinzi, naye Bisibisi usingizi ulikuwa umemruka kabisa, kwa sababu kazi nyingine hakuijua wala hakuitaka.

Kwa hiyo iliposikika kwamba kampuni moja inaita mafundi waje kujaribu kufungua blenda yake mpya, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kampuni inatafuta fundi wake. Atakayeifungua atapewa kazi ya kuzitengeneza, na kibanda kitapona.

Zamu ya Bisibisi ilipofika, mhandisi wa kampuni alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Mezani palikuwa na blenda nyeupe chini ya taa kali, na kamera iliyoning'inia juu, jicho lake likitazama meza. Alimweleza kwamba anaruhusiwa kutumia kifaa chochote alichokuja nacho, ila asivunje ganda, na kila anachofanya akitaje kwa sauti. Kengele ikilia, muda umekwisha.

"Ina tatizo gani?" Bisibisi aliuliza.

"Haina tatizo, dada. Wewe ifungue tu."

Akaona huo ni mtego wa mtihani, akapiga moyo konde.

Alipapasa maungio kwa ukucha. Yalikuwa yamebanana hata karatasi isingepita. Akawasha kikausha nywele alichokuja nacho, akayapasha moto ili gundi ilegee, akachomeka kipande chembamba cha plastiki alichokata kwenye chupa. Kikakunjika. Akachomeka kingine, nacho kikakunjika. Jasho lilianza kumtiririka shingoni, na kwenye kioo cha mlango aliuona uso wa kaka yake umetoa macho kodo.

Hasira zikampanda. Mtu mzima na akili zake amekaa ofisini, akatengeneza kitu cha kusaga maembe kama anafungia dhahabu. "Hivi aliyeibuni hii," alisema, kwa kuwa aliambiwa aseme kila kitu, "hajawahi kuharibikiwa na chochote nyumbani kwake?"

"Ni mimi," mhandisi alisema taratibu. "Endelea."

Bisibisi alitamani ardhi ipasuke. Akajikaza kisabuni, akaipindua blenda chali, maana sasa hata aibu ilikuwa inamsukuma. Pale waya wa umeme unapoingia palikuwa na kipete cha mpira. Akakizungusha, kikatoka. Akaingiza ile plastiki kwenye tundu, akafumba macho ili vidole vifanye kazi peke yao. Kwa mbali kulikuwa na kitu kigumu, kimepinda kama ndoano.

"Kuna ndoano ndani," alisema. "Naisukuma kushoto."

Ganda likalia kwa ndani. Akadhani amelipasua. Akaligeuza, akalikagua chini ya taa. Lilikuwa zima.

Mhandisi alishasimama. "Imeachia wapi kwanza? Rudia, tafadhali, na uelekeze kidole ili kamera ione."

Akarudia, akaelekeza. Hakuwahi kupata mtu wa kampuni anayemsikiliza namna ile, na matumaini yakamjaa. Akasukuma ndoano ya pili, kisha ya tatu, na ganda likafunguka mapande mawili bila hata mkwaruzo. Mota ilikuwa pale imetulia, na kaboni zake mbili ziko wazi. Kengele ilikuwa bado haijalia.

Nje ya mlango kaka yake alirukaruka kama amefunga goli. Bisibisi machozi yalimlengalenga, akacheka huku akiyafuta kwa kiganja. Kazi wameipata. Akaanza kumwonyesha mhandisi jinsi ya kubadilisha zile kaboni, kwamba ni suala la dakika chache tu, hata mtu wa nyumbani angeweza kufundishwa.

Mhandisi hakuitazama mota. Alikuwa ameinamia lile tundu la waya, akilimulika kwa tochi ya simu na kulipiga picha kila upande. Alipomaliza, akampa Bisibisi mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia kwamba mafundi wengi wamepita pale, lakini hakuna aliyewafaa kama yeye.

Kisha akapiga simu kiwandani.

"Tumelipata tundu la mwisho," alisema. "Lizibeni kwa gundi, mwanze kuuza."