Breki ya Chausiku

Siku hizo pikipiki zote zilisimama zenyewe zikikuta mwenzao amekwama, ndiyo maana barabarani hakuna aliyemshukuru mtu tena. Chausiku alikuwa akiwahi nyumbani na mihogo ya futari alipompita mwanamume anayekokota pikipiki yenye pancha. Yake haikusimama. Kumbe kile kifaa cha kuisimamisha kimekufa! Akafurahi, akaongeza mwendo, kisha moyo ukamsuta. Akakanyaga breki mwenyewe, akageuza.

"Pole dada, pikipiki yako imekuchelewesha," mwanamume alisema, akipokea kiraka bila kumtazama.

"Haikusimama, kaka. Nimesimama mimi."

Mwanamume akainua macho, akarudi nyuma hatua moja kama aliyeona jini.

"Ahsante," alisema hatimaye, taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu babu yake.