Simu Nyuma ya Tangi

Alifya aliziba matundu ya flashi ya kompyuta ya Sabiri kwa gundi, akapuliza ikauke, kisha akamrudishia.

"Sasa humu haitoki kitu," alisema.

"Asante, dada Alifya," Sabiri akajibu kwa unyonge, kama mtu aliyerudishiwa kiatu kimoja.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya kurudi ofisini. Kampuni ya Murtaza, inayouza asali na nta za Tabora nchi za nje, ilikuwa imewapeleka wafanyakazi nyumbani na kompyuta zao baada ya upepo kung'oa paa. Ukarabati ukakokota mpaka watu wakasahau njia ya kazini.

Alifya aliajiriwa kuhakikisha kompyuta hizo hazirudi na balaa. Alikuta mambo. Ya Usha wa mauzo ilijaa katuni za wajukuu. Ya Parvez wa stoo ilikuwa na virusi vya kila aina, pamoja na video nzima ya harusi ya shemeji yake. Ya Sabiri, iliyotoka nyumbani kwake mtaa wa Itetemia, ilikuwa safi kama imetoka dukani: nenosiri gumu, kila faili mahali pake.

Ndiyo maana Sabiri mwenyewe alimshangaza. Yeye ndiye aliyewajibu wanunuzi wa Ulaya. Alipokuwa nyumbani, barua zake zilifika mapema, zimenyooka, na wanunuzi walimsifu kwa Murtaza. Tangu arudi ofisini, barua moja ilimla asubuhi nzima. Mara atoke kunywa maji, mara aende msalani. Kila akitoka, simu mkononi.

Msimu uliopita mnunuzi mkubwa alihamia kwa washindani wao, na hakuna aliyejua siri zilivujia wapi. Alifya akapiga marufuku simu mezani. Sabiri akazidi kutoka.

Alhamisi Alifya alimfuata. Alimkuta amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, karatasi gotini, akimsomea mtu kwenye simu barua ya mnunuzi iliyofika asubuhi ile, neno kwa neno. Alipomwona Alifya, akakata.

Alifya alirudi ndani miguu mizito. Alipofika Tabora hamjui mtu, Sabiri ndiye aliyehangaika kumtafutia chumba cha kupanga. Lakini kazi ni kazi. Akaenda moja kwa moja kwa Murtaza.

Sabiri aliitwa. Aliingia jasho linamtoka. Murtaza akanyoosha mkono, na Sabiri akaiweka simu mezani.

"Una mke, una watoto, Sabiri. Nikiita polisi sasa hivi, utawaambia nini?"

Murtaza akabonyeza namba ya mwisho kupigwa, akafungulia sauti ili Alifya naye asikie.

Haikuita hata mara mbili.

"Mbona umekata?" ilisema sauti ya mwanamke. "Nisomee tena aya ya pili, taratibu. Na usiwajibu kitu mpaka nikwambie."

Murtaza akakata simu, akamgeukia Alifya. "Umesikia? Anatumwa! Ofisini kwangu, mtu anatumwa!" Kisha akamkazia Sabiri macho. "Nani huyu?"

"Mke wangu, bosi. Batuli."

"Anafanya kazi kampuni gani?"

Sabiri aliangalia sakafu.

"Hii, bosi. Tangu mlipotupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa napika."