Ukanda wa Mbwa wa Kapteni

"Soma tena orodha ya waliokufa," nilimwambia karani wa maonyesho ya meli ya askari iliyozama vitani, pale Nyeri.

"Nimemaliza, mama. Maafisa ndio wana majina. Wengine wameandikwa tu: askari Waafrika mia sita."

Uhuru ulikuwa na miaka mitano. Mume wangu Wamae, aliyezama na meli hiyo wakati wa vita vya Hitler, hakuwa na hata herufi moja ukutani.

Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na ukanda wa ngozi.

"Na huu ni wa nani?"

"Wa shingoni mwa mbwa wa kapteni. Aliitwa Rex. Aliokolewa."

Nikatoa kwenye kiondo kipande cha Wamae, kile kibati cha kitambulisho ambacho wakoloni waliwavisha Waafrika, alichoniachia akienda vitani. Kamba yake ilikuwa bado nyeusi kwa jasho.

"Weka na hiki," nikasema. "Yeye pia walimfunga shingoni."