Jina la Mishi

Kila asubuhi mwenye shamba la tumbaku aliandika kitabuni hali ya hewa na mambo ya shambani. Siku hiyo Siwema, mtumwa wake, alisimama mbele ya meza, kucha zingali na udongo wa kaburi.

“Ng'ombe wako alipokufa ulimwandika, bwana. Ukatusomea. Mwandike na mwanangu Mishi.”

“Usinisimamie kichwani.”

“Kaburi tumelisawazisha ulivyoamuru, litalimwa. Basi yeye abaki kitabuni.”

Bwana akaandika: Mawingu tangu alfajiri. Tumbaku inataka mvua.

“Haya, yumo. Nenda kalime.”

Siwema, asiyejua kusoma, aliinamia ukurasa akaupuliza wino taratibu, jina lisije likafutika.