Shimo la Kidole

Miezi minane Bi Rehani alimlisha mkaza mwanawe, Hidaya, uji wa samli, akijigamba kwa majirani kwamba kwake watu hunenepa. Asubuhi hiyo Hidaya alisema kichwa kinampasuka, macho yanaingia kiza. Kisha akaanguka, akajipigiza sakafuni, akaung'ata ulimi ukatoka damu.

"Ana pepo huyu," alisema Bi Rehani, akamchapa bakora ya tatu.

Mkunga aliyeitwa na jirani alimpokonya bakora, akaivunja gotini. "Kifafa cha mimba hiki. Uzito umezidi, presha imempanda. Na huu si unono, bi mkubwa, ni maji." Akaudidimiza mguu wa Hidaya kwa kidole.

Gari la wagonjwa lilipofika, shimo la kidole lilikuwa halijajaa. Bi Rehani alilifunika kwa kanga, akalifunua tena.