Kikombe cha Mgeni

Siku hizi mgeni hasafiri. Hukaa kwao, akaazima miguu, macho na sauti ya mwenyeji. Na maadamu taa ya kijani inawaka shingoni, mwenyeji hana kauli.

Tangu asubuhi mwanamke wa mbali alikuwa ndani ya mwili wa Barke, akimzungusha ngomeni na kumsimamisha kwenye kila mzinga wenye kutu. Adhuhuri akamkatisha vichochoro vya bandarini, hadi mlango ambao Barke aliujua mno.

"Hodi!" kinywa chake kikaita.

Mama yake akafungua, akaiona taa. "Karibu mgeni." Akachechemea hadi kabatini, akatoa kikombe cha kaure cha wageni. Mgeni akamuuliza goti lilianza kumuuma lini, na alikutanaje na marehemu mumewe. Mama akasimulia mpaka kahawa ikapoa. Barke hakuwahi kuyasikia hayo.

Jioni, mgeni alipokwisha kuaga na kwenda zake, taa ikazimika. Barke akarudi nyumbani mbio, akapitia mlango wa uani.

"Mama, goti lako vipi?"

Mama, kile kikombe mkononi, akamtazama shingoni kwanza.

"Kumbe ni wewe tu," akasema, akakirudisha kabatini.