Keki ya Wiebe

Nynke alivua viatu akavisukuma chini ya meza. Sakafu ya maabara ile ina kelele, na leo hakutaka kusikika na mtu.

Ilikuwa Alhamisi, saa ya kahawa. Ghorofa nzima ilikuwa imehamia jikoni, na Wiebe naye alikuwa ameinuka kwenda kuosha kikombe chake. Wiebe akiosha kikombe, jamani, utadhani anakiandaa kwa harusi. Muda upo.

Kuna sheria pale maabarani, mjini Eindhoven, ambayo haijaandikwa popote, ila mgeni huambiwa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo. Ukiinuka ukaacha kompyuta yako wazi, mwenzako ana haki ya kuikalia na kuwatumia watu wote ujumbe: “Kesho naleta keki kwa wote!” Na keki utaileta. Hakuna cha kujitetea. Watu wanaotengeneza vichipu vya kulinda kompyuta za wengine wataachaje za kwao wazi?

Nynke alikuwa ameshaleta keki nyingi kuliko mtu yeyote. Muuza keki wa mtaani kwake alikuwa akimwona tu mlangoni anauliza, “Umeacha wazi tena, dada?” Wiebe hakuwahi kuleta hata moja. Na kwa vile alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, Nynke aliapa mzee hataondoka hivihivi.

Lakini wiki hii haikuwa ya keki tu. Jumatatu, Wiebe alikuwa amesimama mbele ya wenzake na kichipu juu ya ncha ya kidole, kidogo kuliko punje ya dengu. Alikihangaikia miaka saba, mpaka mkewe akawa anamwamkia, “Mke mwenzangu kaamkaje?” akimaanisha kichipu.

“Nimekiweka kwenye kompyuta yangu,” alisema. “Kinawajua wote wa ghorofa hii kwa kadi zenu za shingoni. Kila kadi inafungua kwa jina la mwenye kadi. Mwenyewe akiondoka, kinafunga.”

“Na mwizi akija?” Nynke aliuliza.

“Mwizi ajitambulishe kwanza,” Wiebe alijibu, na watu wakacheka.

Gerdien, mkuu wao, hakucheka. Alikuwa na bajeti ya kichipu kimoja tu. “Sikilizeni. Mtu akituma ujumbe wa keki kwa jina la Wiebe kabla ya chakula cha mchana Alhamisi, basi kichipu hiki tunakifungia kabatini. Mkishindwa, kinakwenda kiwandani. Wiebe, umekubali?”

“Nimekubali,” alisema Wiebe.

Tangu hapo Nynke hakupumzika. Jumanne aliificha kadi yake kwenye droo ili asitambulike, akanyemelea. Kioo cheusi. Jumatano akafanya vilevile. Kioo cheusi, na Wiebe nyuma yake akitafuna mkate wake wa jibini. “Unatafuta nini, mwanangu? Kalamu?”

Sasa ilibaki nafasi hii moja. Nynke akakimbia na soksi zake kati ya meza, akikwepa viti na nyaya, mpaka kwenye kona ya dirishani. Akainama juu ya kiti cha Wiebe. Kitu kikagonga ukingo wa meza, tak! Akakidaka kifuani, akageuka kutazama mlango. Hakuna mtu.

Alipogeuza uso, kioo kilikuwa kinang'aa. Wazi kabisa!

“Hee, mzee wa watu,” alinong'ona. “Siku ya mwisho ndiyo umesahau.”

Akaandika bila kukaa, jicho moja mlangoni. Kesho naleta keki kwa wote! Ikabaki kubonyeza tu, na hapo huruma ikamshika. Miaka saba. Mtu anaondoka na kazi yake inabaki kabatini na vikombe vilivyovunjika masikio. Alimpenda Wiebe, ndiye aliyemfundisha kazi, na roho ilimuuma kweli. Lakini kichipu kibovu kikifika kwenye kompyuta za watu, wataibiwa watu. Na Wiebe mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo.

Akabonyeza.

Alikuwa bado anavaa kiatu cha pili vicheko vilipolipuka jikoni. Akaingia akicheka kuliko wote. Kila mtu alikuwa na simu mkononi. Wiebe alisimama kando ya sinki, kikombe kinamchuruzika maji, anasoma simu yake, na machozi yanamlengalenga.

Nynke akaacha kucheka. Akaenda akamshika bega.

“Nisamehe, Wiebe. Mimi nilitimiza kazi tu.”

“Nikusamehe nini?” Wiebe akamkumbatia na kikombe chake hichohicho, akamlowesha mgongo mzima. “Asante, mwanangu. Wiki nzima nilikuwa naomba mtu ajaribu sawasawa.”

Nynke akamwonea huruma zaidi. Maskini, amechanganyikiwa.

Gerdien akapiga kijiko kwenye kikombe. “Haya, tumalize. Wiebe, hongera. Kesho asubuhi kichipu chako kinakwenda kiwandani.”

“Kiwandani?” Nynke aliruka. “Na ule ujumbe je?”

“Tumeusoma sote.” Gerdien akamgeuzia simu aone jina la aliyeutuma: Nynke. Mkono ukamwenda kwenye kadi iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake. “Na safari hii iwe ya tufaha, tafadhali. Ile yako ya mwezi uliopita ilikuwa kavu.”